Namna ya Kushughulikia Udanganyifu wa Wanafunzi Katika Kozi za Chuo za Mtandaoni

Mwongozo huu unaanza na kazi yenye mashaka ikiwa tayari imefika mikononi mwa mhadhiri, wala hauanzi na hatua za kinga, kwa kuwa wengi wetu hutafuta ushauri wa namna hii tukiwa tumekwisha kukumbana na tatizo lenyewe. Kinga ndiyo yenye faida kubwa zaidi na nitaifikia, lakini mtu ambaye usiku huu amefungua kazi mbili zinazofanana anahitaji kwanza kujua afanye nini kesho asubuhi na, la muhimu zaidi, ni mambo gani asiyafanye usiku huu.

Usimwandikie mwanafunzi. Ujumbe ulioandikwa kwa hasira saa nne usiku hubaki kwenye rekodi, na siku kamati itakapoketi utasomwa pamoja na ushahidi mwingine wote. Usiweke sifuri pia, kwa sababu vyuo vingi havimruhusu mhadhiri kutoa adhabu peke yake kabla ya mwanafunzi kusikilizwa, na adhabu iliyotolewa nje ya utaratibu hutenguliwa kwenye rufaa hata pale ambapo kosa ni la kweli. Iache alama ya kazi hiyo ikisubiri, kisha endelea kusahihisha nyingine zilizobaki, maana mara nyingi kazi ya tatu au ya nne ndiyo inayokuonyesha jambo lilianzia wapi. Pakua faili zilivyowasilishwa, zihifadhi bila kuzigusa, na upakue kumbukumbu za mfumo zinazoonyesha saa ambazo mwanafunzi aliingia, aliyofungua na alipowasilisha. Usiahirishe jambo hili la mwisho: katika mifumo ya kufundishia mtandaoni kama Moodle msimamizi anaweza kuweka kikomo cha siku ambazo kumbukumbu zitatunzwa, na kikomo hicho kikipita zinafutika.

Halafu soma kanuni za chuo chako kuhusu uadilifu wa kitaaluma, hata kama unaamini unazifahamu. Angalia nani anapaswa kuarifiwa, ndani ya siku ngapi, na kama mazungumzo na mwanafunzi yanaruhusiwa kabla ya taarifa rasmi au baada yake.

Kupima uzito wa ushahidi

Katika kozi moja ya takwimu niliyoifundisha, zoezi lilikuwa na jedwali la namba nane: 12, 16, 14, 18, 15, 13, 17 na 15. Wastani wake ni 15. Mwanafunzi wa kwanza aliteleza vidole akaandika 61 mahali pa 16, hivyo akapata wastani wa 20.625, kosa la kawaida ambalo hukatwa alama chache tu. Mwanafunzi wa pili aliandika jedwali lililo sahihi kabisa, lenye 16 mahali pake, kisha chini yake akaweka wastani uleule wa 20.625, namba iliyo kubwa kuliko kila namba iliyomo katika jedwali lake mwenyewe. Hapo sikuhitaji programu yoyote kunieleza kitu. Jibu lile lisingeweza kuzaliwa na jedwali lililo juu yake.

Ndiyo maana ninashauri utafute kosa linalofanana kabla ya kuhangaika na usahihi unaofanana. Majibu sahihi hufanana yenyewe, ilhali kosa huwa na mwenyewe. Hata hivyo, ushahidi wa aina hii unaonyesha tu kwamba jibu lilihama kutoka kazi moja kwenda nyingine. Hauonyeshi lilihamaje, wala kwamba mwenye kosa la asili alijua.

Asilimia ya kufanana inayotolewa na programu kama Turnitin, ambazo hulinganisha kazi ya mwanafunzi na maandishi mengine, ni jambo jingine kabisa, na hapa nina deni la kukiri. Nilikuwa bado mgeni katika ufundishaji wa mtandaoni nilipomwita mwanafunzi kwa sababu ripoti yake ilionyesha asilimia 41. Alipofungua ripoti mbele yangu, tukaona pamoja kwamba sehemu kubwa ya rangi nyekundu ilikuwa ukurasa wa jalada, maelezo ya swali niliyoyaandika mimi mwenyewe, orodha ya marejeo, na nukuu mbili ndefu alizoziwekea alama na kuzitaja vyanzo vyake. Hakuwa ameiba sentensi hata moja. Nilimwomba radhi, akaipokea kwa upole, lakini muhula mzima uliobaki hakuuliza tena swali katika darasa langu. Tangu hapo sisomi asilimia kabla ya kusoma mistari yenyewe iliyowekewa rangi, na ninaomba nawe usiisome.

Kumbukumbu za mfumo nazo husema kweli nusu. Wanafunzi wawili wakionekana na anwani moja ya IP, yaani namba inayotambulisha muunganisho wa intaneti, huenda wanaishi nyumba moja, wanatumia mtandao wa maktaba moja, au ni wateja wa kampuni moja ya simu, kwani kampuni hizo huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mwanafunzi aliyetoka kwenye ukurasa wa mtihani mara sita anaweza kuwa alikuwa akitafuta majibu, na anaweza pia kuwa intaneti yake ilikuwa ikikatika. Kilicho na uzito zaidi ni muda usiowezekana: maswali 40 yenye maelezo marefu yaliyojibiwa yote kwa usahihi ndani ya dakika nne, wakati kuyasoma tu kunahitaji zaidi ya hapo.

Kuhusu akili mnemba ninaona ni lazima niseme kwa mkazo. Tangu ChatGPT ilipotolewa mwezi Novemba 2022, wahadhiri wengi wamekimbilia programu zinazodai kutambua maandishi yaliyoandikwa na mashine, na wanafunzi wamefelishwa kwa matokeo yake. Kampuni ya OpenAI, ambayo ndiyo iliyotengeneza ChatGPT, ilitoa kitambuzi chake mapema mwaka 2023 ikieleza kwamba kilibaini asilimia 26 tu ya maandishi ya mashine, na kwamba asilimia 9 ya maandishi ya binadamu kiliyahesabu kuwa ya mashine. Ilipofika Julai mwaka huohuo ilikiondoa kwa sababu ya usahihi mdogo. Mwaka 2023 pia watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walijaribu vitambuzi saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilitajwa kimakosa kuwa kazi ya mashine. Vitambuzi hivi hutegemea, kwa sehemu kubwa, namna maneno yanavyotabirika, na mtu anayeandika kwa lugha aliyojifunza ukubwani huchagua maneno ya kawaida na sentensi zilizonyooka. Kwa maneno mengine, mwanafunzi aliyejitahidi kuandika kwa uangalifu katika lugha ya kigeni ndiye anayekuwa hatarini zaidi kushtakiwa. Chukulia alama ya kitambuzi kuwa sababu ya kuisoma kazi kwa makini zaidi, na kamwe usiiweke kwenye ripoti kama ushahidi unaojitegemea.

Kuna kitu kingine ambacho kina nguvu kuliko vitambuzi vyote, nacho ni orodha ya marejeo. Mashine hubuni makala ambazo hazikuwahi kuandikwa, zikiwa na majina ya waandishi yanayoaminika, jarida la kweli na hata namba za kurasa. Chukua marejeo matano, tafuta kila moja katika jarida lililotajwa, kwa mwaka na toleo lililotajwa. Ukikuta matatu hayapo, unalo kosa la kubuni vyanzo, ambalo ni kosa katika kanuni nyingi za kitaaluma, na hulazimiki tena kuthibitisha ni nani au ni nini kiliyabuni.

Wapo wanaoficha maneno ya mtego ndani ya swali, kwa maandishi meupe juu ya karatasi nyeupe, ili mwanafunzi anayenakili swali na kulibandika kwenye mashine anaswe. Ninawasihi wasifanye hivyo. Mwanafunzi asiyeona, anayetumia programu ya kusomewa skrini, atasomewa maneno hayo kwa sauti kama sehemu ya swali na atayajibu kwa nia njema kabisa.

Mazungumzo

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi, kwa sababu katika kozi ya mtandaoni ni rahisi kumshughulikia mtu ambaye hujawahi kuiona sura yake kana kwamba ni faili tu. Kanuni zikiruhusu, mwite mwanafunzi kwa njia ya video kabla ya kufikia uamuzi wowote. Ujumbe wa mwito uwe mfupi na wa kweli, kwa mfano hivi: “Habari za leo. Nimesoma zoezi lako la tatu na nina mashaka kuhusu namna sehemu mbili zilivyopatikana. Sijafikia uamuzi wowote. Naomba tukutane kwa video siku ya Alhamisi saa tisa alasiri, kwa dakika 20 hivi, uje na rasimu zako na chochote ulichotumia kuandaa kazi. Unaweza kuja na mshauri wako wa masomo ukipenda.” Usifiche lengo la kikao, na usitaje adhabu.

Anza kwa kumwomba aeleze alivyoifanya kazi tangu alipolisoma swali mara ya kwanza. Kisha nyamaza. Ukimya wa sekunde kumi kwenye video ni mzito, na mwalimu hujisikia kuujaza kwa maneno yake, ujizuie. Mtu aliyeandika kazi yake hukumbuka alipokwama, alichokifuta, chanzo alichokitafuta akakikosa. Uliza kuhusu maamuzi badala ya tafsiri ya maneno: kwa nini ulianza na hoja hii, kitu gani ulikiacha nje, ungepewa wiki moja zaidi ungebadilisha nini. Maswali ya aina hiyo hayajibiwi kwa kukariri, na wala hayamwaibishi mwanafunzi mwaminifu aliyesahau maana ya neno moja.

Uwe mwangalifu na woga. Sauti inayotetemeka, kigugumizi, macho yanayokwepa kamera, hivyo vyote ni dalili za mtu aliye mbele ya mwenye mamlaka, na mwongo na mkweli huonyesha vyote kwa usawa.

Ikiwa kazi iliandikwa katika programu inayotunza historia ya mabadiliko, mwombe aifungue mkiwa pamoja. Insha iliyokua kwa siku nne, yenye sentensi zilizofutwa na kurudiwa, humsafisha mwanafunzi haraka kuliko kiapo chochote. Insha ya maneno 1,500 iliyotokea mara moja kwa kubandikwa inahitaji maelezo, ingawa maelezo hayo yanaweza kuwa mepesi: wengi huandika kwenye simu kwanza kisha huhamishia kwenye kompyuta, na hapo omba uone yale ya kwenye simu.

Yule mwanafunzi wa 20.625 nilimwuliza swali moja tu: “Namba zako zote ziko kati ya 12 na 18. Wastani umewezaje kufika 20?” Aliliangalia jedwali kwa muda mrefu. Kisha akasema, “Mwalimu, hiyo hesabu siyo yangu.” Alieleza kwamba mwenzake aliweka kazi yake kwenye kundi la kujisomea ili aulize kama mpangilio unafaa, naye, akiwa amechelewa kwa sababu ya kazi ya kibarua ya usiku, akalibeba jibu na kuandika upya jedwali ili lisifanane. Mwenzake nilipozungumza naye alishtuka kweli, hakujua. Kama ningefuata faili peke yake, ningewapa wote wawili adhabu moja.

Mwanafunzi akikiri, andika alichosema kwa maneno yake, mtumie, na mwombe athibitishe kwa maandishi. Usimwahidi kwamba kukiri kutamwondolea adhabu ikiwa uamuzi si wako.

Pale unaposhuku kwamba kazi iliandikwa na mtu wa kulipwa, mazungumzo yanahitaji moyo wa ziada. Dalili zake ni mtindo wa uandishi unaobadilika ghafla kutoka kazi ya wiki ya pili hadi ya wiki ya sita, jina geni katika taarifa za faili, au akaunti inayofunguliwa kutoka maeneo yasiyoendana. Kila moja ina maelezo mengine yanayowezekana, kwa kuwa jina katika faili linaweza kuwa la mwenye kompyuta ya kuazima. Lakini wauzaji wa kazi hizi wamekuwa wakiwatishia wateja wao kwamba watawafichua kwa chuo wasipoongeza malipo, hivyo mwanafunzi aliye mbele yako anaweza kuwa mkosaji na mhanga kwa wakati mmoja. Mwambie waziwazi kwamba akiwa anatishwa anaweza kusema. Sheria zilizotungwa Ireland mwaka 2019, Australia mwaka 2020 na Uingereza mwaka 2022 zilimlenga muuzaji wa kazi hizo. Mwanafunzi aliachwa kwa kanuni za chuo chake.

Uamuzi na ripoti

Tenganisha kutojua na kukusudia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeandika upya aya kwa kubadili maneno machache na kusahau kutaja chanzo anahitaji kufundishwa na kurudia kazi. Aliyemlipa mtu amfanyie mtihani anahitaji kamati. Kati ya hao wawili ipo nafasi pana, na hapo ulinganifu ni jambo la haki: angalia kosa kama hilo liliadhibiwaje mwaka uliopita katika idara yako, usije ukawa mkali kwa mmoja na mpole kwa mwingine kwa sababu ya namna alivyozungumza nawe.

Ripoti ieleze matukio na saa zake. Andika “faili liliwasilishwa saa 5:52 usiku, wastani uliotajwa ni 20.625, namba za jedwali lililomo hazizidi 18.” Maneno kama “bila aibu” hayasaidii kamati kuamua na yanampa mwanafunzi sababu ya kudai kwamba ulikuwa na chuki naye. Weka na yale yanayomtetea. Jambo lenyewe libaki kati ya wanaohusika, na lisitajwe kwenye jukwaa la darasa hata kwa mafumbo, kwani wanafunzi hufumbua haraka.

Kuibadilisha kozi

Udanganyifu hustawi mahali ambapo alama nyingi zimewekwa kwenye tukio moja na swali lina jibu moja linalopatikana popote. Mtihani wa mwisho wenye asilimia 70 ya alama, unaofanyika nyumbani bila mtu, humfanya hata mwanafunzi mwaminifu apime hasara ya uaminifu wake. Zigawe alama hizo: majaribio madogo ya kila wiki, kazi kubwa inayokusanywa kwa hatua kuanzia wazo, orodha ya vyanzo, rasimu, hadi kazi kamili, na mwishoni mazungumzo ya dakika kumi kuhusu alichoandika. Katika darasa la watu 200 huwezi kuzungumza na kila mmoja; tangaza mwanzoni mwa muhula kwamba utachagua watu 20 kwa bahati nasibu, na utimize.

Benki ya maswali inayompa kila mwanafunzi maswali tofauti husaidia kupunguza kuangalizia, lakini haizuii kutafuta jibu kwenye mashine. Kwa hiyo mtihani unaofanyika nyumbani uandae ukijua kwamba vitabu viko wazi, na uulize yale yanayomtaka mtu afikiri hata akiwa na kitabu mbele yake: mpe mwanafunzi jibu lenye makosa alisahihishe, au takwimu alizozikusanya yeye mwenyewe azifafanue.

Usimamizi kwa kamera ninauona kuwa njia ya mwisho. Programu kama Safe Exam Browser, iliyotengenezwa katika chuo kikuu cha ETH Zürich nchini Uswisi, huifunga kompyuta isifungue kitu kingine, ila haiifungi simu iliyo pembeni. Kukagua chumba cha mwanafunzi kwa kamera kumefika mahakamani: mwezi Agosti 2022 jaji wa mahakama ya shirikisho nchini Marekani aliamua kwamba Chuo Kikuu cha Cleveland State kilivunja haki ya mwanafunzi ya faragha ya kikatiba kwa kukagua chumba chake cha kulala kabla ya mtihani. Baadhi ya programu za kusimamia mitihani kwa kamera pia zimelalamikiwa kwa kushindwa kuzitambua nyuso za watu weusi. Chuo kikilazimisha kamera, hakikisha kwamba mtu ndiye anayeangalia picha zilizowekewa alama na programu kabla mwanafunzi hajaulizwa chochote.

Katika kila zoezi andika matumizi ya akili mnemba yanayoruhusiwa, si mara moja tu katika muhtasari wa kozi. Sentensi tatu zinatosha: “Katika zoezi hili unaruhusiwa kutumia akili mnemba kusahihisha lugha. Huruhusiwi kuitumia kutoa hoja au kutafuta vyanzo. Ukiitumia, eleza mwishoni uliitumia wapi.” Wanafunzi wengi wanaochukua kozi tano hukutana na kanuni tano zinazopingana, na wengine huvunja ile ambayo hawakuiona.

Kesi ikiisha, mwanafunzi atarudi darasani kwako, na mara nyingi atakaa kimya. Mwandikie ujumbe mmoja kumweleza kazi inayofuata ni ipi, inakusanywa lini, na kwamba itasahihishwa kama za wenzake. Kisha lifungue lile swali lililonakiliwa ulibadilishe kabla ya muhula mpya. Mimi nililirekebisha la takwimu kwa kumpa kila mwanafunzi jedwali lenye namba zinazotokana na tarakimu za mwisho za namba yake ya usajili, na nikaongeza mstari mmoja unaomtaka aeleze kwa nini wastani wake unaingia akilini akiutazama pamoja na jedwali lake.